Ng'ombe wa Kulwa

Honi ililia nje ya uzio wakati Nyamizi anapunguza moto chini ya sufuria ya maharage. Kabla hajanyanyuka, shangazi yake alikwisha kutoka mbio na mwiko mkononi.

"Amekuja nalo!" alipaza sauti shangazi Asteria. "Nyamizi, acha hayo maharage, njoo uone Mungu anavyojibu!"

Lilikuwa gari aina ya Crown, jeupe, namba mpya za E, vioo vyeusi. Lilisimama katikati ya mashine ya kukoboa mpunga na kijiwe cha bodaboda, pale ambapo siku nyingine husimama malori ya kwenda Isaka. Pumba zilikuwa zimeanza kutua juu ya paa lake, na Doto alikuwa akizifuta kwa leso, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Alipomwona Nyamizi aliacha kufuta. Akamtazama vile alivyomtazama tangu wakiwa kidato cha pili, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, macho yakicheka kabla ya mdomo. Nyamizi akashusha macho yake chini. Alikuwa bado na nguo ya kanisani, na miguuni ana kandambili za jikoni.

Yeye hakufika chuo. Alibaki Kagongwa akinunua mpunga na kuuza mchele pamoja na shangazi yake. Lakini kila muhula Doto alipokuwa Dodoma akisoma, Nyamizi alipakia kiroba cha mchele kwenye basi, jina la Doto limeandikwa ubavuni kwa wino mzito. Na kila mara Doto alipokipokea kule stendi, alimpigia simu. "Nimeunusa kwanza," alikuwa akisema. "Unanukia wewe." Msichana husahau mambo mengi, lakini neno kama hilo halisahau.

"Injinia!" aliita Masudi kutoka kijiweni, amejilaza juu ya pikipiki yake.

"Mimi si injinia, Masudi. Nimesoma manunuzi na ugavi."

"Basi masomo yamekuingia, maana umenunua."

"Kanunua mzee wake," mwingine alidakia, na kijiwe kizima kikacheka.

"Haya, nisaidieni hesabu," alisema Masudi. "Doto kamaliza chuo, kazi hana, gari analo. Mimi niliishia darasa la saba, kazi ninayo, gari sina. Nani kasoma vibaya hapa?"

"Wewe," alisema Doto, akicheka nao. Lakini Nyamizi aliona vidole vyake vikiikunja ile leso.

"Na mchungaji kaliombea! Kalipaka mafuta matairi yote. Mimi pikipiki yangu hajawahi hata kuipungia mkono."

Shangazi Asteria alimnyooshea mwiko. "Wivu utawakausha! Mzazi kumnyanyua mwanawe imekuwa dhambi? Wangapi hapa wanauza ng'ombe wanaongeza mke, na hamsemi? Huyu mwenzenu baba yake kauza ng'ombe kamnunulia mtoto heshima. Mnalia nini?"

"Hatulii, mama. Tunasubiri lifti."

Shangazi alimvuta Nyamizi ndani abadilishe viatu. Alimfunga kitenge vizuri, akampaka mafuta mikononi, na huku anampaka alimwambia kwa sauti ya chini, "Leo unakwenda kuonekana kwao. Kula kidogo, shukuru sana. Na usiulizeulize, mwanangu. Una tabia ya kuuliza."

"Naomba Mungu anisaidie, shangazi."

"Akusaidie kunyamaza."

*

Ndani ya gari kulikuwa na ubaridi na harufu ya ngozi mpya. Barabara ya lami ilipita chini yao bila kelele. Doto alishika usukani kwa mkono mmoja, na wa pili aliuweka juu ya mkono wa Nyamizi, akauacha hapo, mzito na wa joto. Nyamizi alikuwa na furaha, asingeweza kukataa. Alikuwa akiiogopa furaha hiyo na huku anaitaka.

"Kesho Jumatatu naenda Geita," Doto alisema. "Ile kampuni ya vipuri vya migodini. Wameniita kwa usaili."

"Bwana asifiwe!"

"Unajua nilikwenda kule mwanzo wa mwaka? Kwa pikipiki. Mlinzi akaniambia barua iache dirishani, akanigeuzia mgongo. Juzi nimekwenda na hili. Kafungua geti, kapiga saluti, hakuniuliza hata jina. Meneja kanikaribisha chai."

Nyamizi alitazama nje. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamekauka, mabua tu yamesimama. "Walikuona wewe, au waliona gari?"

"Kuna tofauti gani, mpenzi, kama mlango umefunguka?"

Nyamizi akageuza maneno kuwa utani. "Na mimi je? Shangazi utampelekea hili Crown, au utampelekea ng'ombe?"

"Ng'ombe! Wenye nundu kama kilima. Nipate kazi kwanza." Akaubusu mkono wake haraka, macho yakirudi barabarani. "Sitakuchukua bure, Nyamizi. Nataka utoke kwenu kwa heshima."

Wakaacha lami, wakashika njia ya vumbi kuelekea Mwamalole, kijiji alikozaliwa Doto. Doto alipunguza mwendo mpaka ukawa wa mtu anayetembea, akihofia mawe. Ng'ombe wa watu walivuka mbele yao bila haraka, na mchungaji wao mzee aliligonga gari kwa fimbo kidogo tu, kama kulisalimia.

*

Kitu cha kwanza Nyamizi alichokiona kwa akina Doto kilikuwa zizi. Aliwahi kufika hapo zamani, msibani, na alilikumbuka likiwa limejaa, na mlio wake ulisikika kutoka mbali. Sasa miiba ya uzio ilikuwa imelala chini, na samadi imekauka ikawa vumbi. Kuku walikuwa wakichakura katikati.

Mzee Mabula, baba yake Doto, alikuwa amekaa kwenye kigoda akilitazama gari linaingia. Alikuwa mrefu, mkavu, na koti la suti juu ya msuli. Hakumtazama mtoto wala mgeni mpaka injini ilipozimwa.

"Shikamoo, baba," Nyamizi alisema, akipiga goti.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Karibu. Umeketi mbele?"

"Ndiyo, baba."

"Vizuri. Kiti cha mbele ndicho kizuri." Alicheka, na uso wake ukawa uso wa mtu mwema. "Mimi nilikuwa napeleka maziwa pale mgodini, enzi za nguvu zangu. Miaka yote hiyo nimesimama nje ya geti. Mvua, jua, mimi nje. Magari yanapita, geti linafunguka lenyewe. Nikasema moyoni, mwanangu hatasimama hapa nje. Watu wanasema nimemharibu. Wacha waseme. Wao walisimama geti gani?"

"Baba Kulwa, waache watoto wale," alisema mkewe kutoka mlangoni.

Mama Kulwa alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani. Alimkumbatia Nyamizi kwa nguvu, lakini hakumtazama machoni. Aliwawekea ugali, kuku, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Akafumba macho, akaomba muda mrefu kuliko kawaida ya maombi ya chakula, mpaka Mzee Mabula akakohoa.

"Maziwa matamu, mama," alisema Nyamizi.

"Ya jirani," alijibu Mama Kulwa. "Tunanunua siku hizi."

Katika nyumba ile, mtu kununua maziwa ilikuwa kama mtu kuazima jina. Nyamizi aliweka kibuyu chini, na swali likamjia hadi kwenye ulimi. Akamkumbuka shangazi yake, akalimeza pamoja na tonge.

Ndipo mbwa alipobweka, kisha akanyamaza ghafla, kama mbwa anyamazavyo kwa mtu wa nyumbani.

Mwanamke aliingia uani akiwa na viatu mkononi na mtoto mgongoni. Miguu ilikuwa ya vumbi mpaka magotini. Nyamizi alimjua hata kabla ya mtu kumtaja, kwa sababu ulikuwa uso wa Doto. Mashavu yale yale, paji lile lile. Lakini jicho moja lilikuwa limevimba likafumba, na mdomo umepasuka upande.

Mama Kulwa aliinuka, akaketi tena.

"Mwadila, bhabha," alisalimia Kulwa, pacha wake Doto, kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

Mzee Mabula hakuitikia salamu. "Umekula?"

"Sirudi kwa mume wangu, bhabha."

"Nimeuliza umekula."

"Na mimi nimesema sirudi. Safari hii sirudi. Ndaki ataniua, na akishaniua atakuja hapa kuwapa pole."

Doto alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa na ugali bado. "Kakupiga? Ndaki kakupiga?"

Kulwa alimtazama ndugu yake kwa jicho moja. "Umesimama kama hujui."

"Sijui! Mwaka jana ulipolazwa hospitali ya Kolandoto na ule mkono, ulisema ulianguka na baiskeli!"

"Ulikuwa na mitihani," alisema Kulwa.

Nyamizi alisogea, akampokea mtoto mgongoni. Alikuwa wa moto, amelala hoi. Kulwa aliketi chini, akanyoosha miguu, akaiangalia kama si yake.

"Mrudishieni ng'ombe zake za mahari," alisema. "Ndiyo mila. Mwanamke akishindwa, kwao wanarudisha, anakuwa huru. Bhabha, wakusanye ng'ombe zake wapelekwe kesho, mimi nibaki."

Hapo ndipo alipogeuza kichwa kulitafuta zizi. Alilitazama kwa muda. Akautazama ule uzio ulioanguka, na kuku. Halafu akalitazama gari.

Mzee Mabula alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Wangu walikufa na ukame. Unajua. Waliobaki walikuwa wako."

"Wangu."

"Ningefanya nini, ng'wanone? Mwenzako kakaa hapa na cheti, mwaka mzima, anachunga kivuli. Watoto wa watu wanaingia getini. Nikasema, hawa ng'ombe wa Kulwa wamekwisha kuwa wetu, ndoa imekaa, ana mtoto."

"Nilikwambia, Baba Kulwa," alisema mkewe. "Nilikwambia hao si wa kuuza mpaka mtoto wetu awe na amani kule."

"Wewe nyamaza."

"Nimenyamaza miezi yote hii. Mungu ananiona nilivyonyamaza."

Nyamizi alimtazama Doto. Alimtazama tu. Na Doto akawa anamtazama baba yake, kisha ardhi, kisha mkono wake wenye ugali.

"Ulijua?" Nyamizi alimuuliza.

"Nilijua kauza ng'ombe."

"Wa nani?"

"Ng'ombe ni ng'ombe, Nyamizi. Wako zizini pamoja, nani anaandika majina?" Aliupangusa mkono kwenye suruali. "Ndiyo. Nilijua. Lakini sikujua haya. Mungu shahidi, haya ya kupigwa sikuyajua."

Mzee Mabula alirudisha kofia kichwani, na kwa kufanya hivyo akarudi kuwa baba wa nyumba. "Nisikilizeni. Jumatatu Doto ameitwa kazini. Akishika mshahara tunanunua wengine, mmoja mmoja, tunakwenda kukuchukua kwa heshima, hakuna wa kutusema. Lakini leo Ndaki akija hapa akalikuta zizi hivi, atanivua nguo mbele ya kijiji. Doto, mpeleke dada yako. Mwambie shemeji yako alikuja kunisalimia."

"Baba, uso wake…"

"Mpeleke. Jua halijashuka."

Nyamizi alingoja Kulwa apige kelele. Angepiga kelele, angejitupa chini, labda moyo wa mtu pale ungepasuka. Lakini Kulwa alimwangalia baba yake, yule mzee na koti lake la suti, anayefuta machozi kwa kiganja, na akasema kwa upole, "Yaya, hapana, usilie, bhabha. Nitakwenda. Sitaki akutukane."

Akajikung'uta vumbi, akanyoosha mikono apewe mtoto.

"Mimi nitakaa naye nyuma," alisema Nyamizi.

*

Kulwa hakuwa amewahi kupanda gari lile. Mlango ulipofunguliwa alivua kanga ya mabegani, akaitandika juu ya kiti kabla ya kukaa.

"Acha, Kulwa," Doto alisema. "Kaa tu."

"Nina vumbi."

"Kaa tu, dada."

"Nina vumbi, nimesema."

Walikwenda. Mtoto aliburudishwa na ule ubaridi, akapumua vizuri. Kulwa alipitisha kiganja juu ya mlango, juu ya kioo, juu ya kiti cha mbele yake, polepole, kila mahali.

"Ndilo hili?" alimuuliza Nyamizi.

"Ndilo."

"Zuri," alisema. Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na Nyamizi alitamani ingekuwepo.

Kwa Ndaki kulikuwa upande wa kuelekea Geita, mahali ambapo pembeni ya barabara kumejaa makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Yeye mwenyewe alikuwa na mbili. Walimkuta uani ananawa vumbi jeupe la mawe mikononi. Mtu mnene kiasi, sauti laini, si mtu ambaye ungemwogopa ukikutana naye sokoni.

"Shemeji!" alisema, akimkumbatia Doto. "Umeniletea mke wangu kwa Crown! Mimi nimeamka nasema kaenda wapi huyu, kumbe kaenda kuletwa kama waziri."

"Alikuja kumsalimia mzee," alisema Doto.

"Vizuri. Mzee hajambo?"

"Hajambo."

"Na ng'ombe zangu hawajambo?"

Ndaki alikuwa tayari anaelekea kwenye gari, anajifuta mikono kwenye suruali. Alilizunguka lote. Alilipiga kofi kwa nyuma, kofi la kirafiki, vile mtu anavyompiga ng'ombe anayempenda. Akainama akakagua tairi, akachungulia chini, akainuka ameridhika.

"Nilisikia," alisema. "Mnada una midomo. Nikasema hapana, mzee Mabula hawezi, hao ng'ombe si wake wa kuuza, mke hata hajazeeka kwangu. Kumbe ni kweli." Akamtazama Kulwa aliyesimama na mtoto, kisha Doto. "Sikiliza, shemeji. Watu wananisema mimi mbaya. Mimi si mbaya. Mimi nataka kilicho changu. Dada yako hanitaki, ndiyo maana anatoroka kila siku. Nipe ufunguo wa hili gari, mchukue dada yako na mtoto sasa hivi. Sitadai tena kitu. Mbele ya huyu dada mgeni, awe shahidi."

Karasha la jirani lilikuwa likisaga. Lilisaga, likasaga.

Ndaki alinyoosha kiganja. Hakuwa anacheka.

Nyamizi aliuona ufunguo. Ulikuwa kwenye kidole cha Doto, unaning'inia. Aliona Kulwa ameinua kichwa. Aliliona lile jicho moja zima la Kulwa likimtazama ndugu yake, aliyelala naye tumbo moja, na ndani ya jicho hilo kulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo siku nzima, kitu kidogo kama cheche. Nyamizi akasema moyoni, Bwana, mpe neno moja. Mpe "chukua" tu.

Doto alifunga kiganja juu ya ufunguo.

"Shemeji," alisema, "unapenda utani."

Na akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, cha adabu, cha mtu anayemaliza mazungumzo mbele ya meneja. Ndaki alimwangalia kidogo kama mtu aliyeshangaa, kisha naye akacheka, muda mrefu kuliko yeye, akampiga begani. "Umenikamata! Utani, utani. Kulwa, waletee wageni maji."

Kulwa alikuwa amekwisha kugeuka.

Nyamizi alimfuata kwenye mtungi nyuma ya nyumba. Kulwa aliteka maji, kata ikigonga kingo.

"Usimchukie, wifi," alisema bila kugeuka. "Tulipokuwa wadogo alikuwa ananiachia nyama yake. Anasema ameshiba, na hajashiba."

"Ni wewe wa kumtetea?"

"Nani mwingine? Nimezaliwa naye." Alimpa kata. Mkono ulikuwa imara. "Nilidhani namjua."

*

Walipokuwa wakirudi Doto alizungumza sana. Alisema Jumatatu, alisema mshahara wa kwanza, alisema atamfuata Ndaki na polisi kama ni lazima, alisema huwezi kumpa mtu kama yule gari la thamani ile, kesho atadai na lingine. Alisema baba angekufa kwa uchungu. Kila alilosema lilikuwa na ukweli wake. Nyamizi alikuwa amekaa mbele tena, mikono mapajani, na kanga ya Kulwa ilikuwa bado imetandikwa kwenye kiti cha nyuma. Walikuwa wameisahau wote.

"Geuza gari," alisema.

"Nyamizi."

"Hatujafika mbali. Geuza, mpe ufunguo, tumchukue Kulwa na mtoto, turudi kwa miguu. Mimi nitambeba mtoto."

Doto alisimamisha gari pembeni. Lori lilipita, likawatikisa. Machozi yalikuwa yakimtoka, machozi ya kweli, akiyafuta kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya alipofiwa na bibi yake, na Nyamizi alitaka kumshika kichwa akiweke begani kwake. Alitaka sana. Ilibidi ashike mlango.

"Niombe kitu kingine," alisema Doto. "Chochote."

"Sina kingine."

"Jumatatu, Nyamizi! Siku moja tu! Nikienda pale kwa pikipiki hawatanifungulia. Nikose kazi, nikose gari, nitakuoa na nini? Hii yote nafanya kwa ajili yako. Nakupenda."

"Najua."

"Sasa?"

"Ndiyo inayonitisha. Na Kulwa unampenda. Nimeona. Umempenda, na umecheka."

"Mimi siwezi kukunyanyulia mkono hata siku moja. Unanijua."

"Sikusema utanipiga, Doto. Nasema utacheka. Siku nitakayokuwa na shida, na mlangoni kuna mtu wa maana, utacheka vile vile, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni na mtoto."

Mikono ya Doto ilikuwa juu ya usukani, yote miwili. Nyamizi alingoja. Alingoja kuliko alivyokuwa amewahi kungojea basi la Dodoma, na alijua kwamba kama ile mikono ingezungusha ule usukani hata kidogo, angempenda mpaka kaburini na asingeuliza swali tena.

Mikono haikusogea.

"Nifungulie," alisema.

"Giza linaingia. Utakwenda wapi?"

"Nifungulie mlango, Doto."

Vitasa vikaruka vyenyewe. Nyamizi alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaichukua kanga, akaikunja. Joto la nje lilimpiga usoni. Alianza kutembea kurudi walikotoka, pembeni ya lami, na nyuma yake alisikia dirisha likishuka na jina lake likiitwa mara moja, na mara nyingine kwa sauti ya chini zaidi. Hakugeuka. Alisikiliza injini. Alisikiliza kwa mwili mzima, huku midomo ikisema zaburi aliyoijua tangu utotoni bila kuyasikia maneno yake.

Injini ilinguruma. Gari likaondoka, na sauti yake ikaenda mbele, upande wa Kahama, ikapungua, mpaka yakabaki makarasha peke yake.

Alilia njiani, kwa sauti, maana hapakuwa na mtu. Alipoanza kuiona nyumba ya Ndaki alijifuta uso, akasimama, akavuta pumzi.

Ndaki alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki. Kulwa alikuwa mkekani karibu na moto, anachambua mchele, mtoto pajani.

"Dada mgeni," alisema Ndaki. "Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimekuja kulala kwa wifi yangu."

"Wifi?" Alitabasamu. "Harusi lini?"

"Haipo."

Tabasamu la Ndaki lilibaki mahali pake, lakini macho yake yalimpima upya huyu msichana ambaye hakuwa amemlipia kitu, wala hakuwa na mzee wa kuogopeshwa wala zizi la kuaibishwa. Akakohoa. Akasema, "Nyumba ni yenu," kisha akanyanyuka akaingia ndani.

Nyamizi alivua viatu, akaketi mkekani. Kulwa alisogeza ungo mpaka ukawa katikati yao, na wakaendelea kuchambua, wote wawili, mpaka hawakuweza tena kuona mawe.